Sura ya Sita: Umeita Python, Ameitika Nani?

Mwezi Oktoba 2010 watumiaji wa Arch Linux walisasisha kompyuta zao kama walivyozoea, kisha baadhi yao wakakuta skripti zilizofanya kazi jana zimegoma kabisa. Hakuna aliyezigusa skripti zenyewe. Kilichobadilika ni jina moja tu: amri ya `python`, iliyokuwa ikifungua Python 2 miaka yote, sasa ilifungua Python 3.

Python 3.0 ilikuwa imetoka Desemba 2008, na Guido van Rossum na wenzake hawakuficha kwamba wameachana na ya zamani kwa makusudi. Msimbo mwingi wa Python 2 usingesomeka humo bila kurekebishwa. Mfano anaoujua kila mtu ni `print`. Katika Python 2 unaandika `print "Habari"` bila mabano. Python 3 inadai mabano, na ukiyaacha inalikataa faili zima kabla ya kutekeleza hata mstari mmoja. Mpango ulikuwa Python 2 ipumzishwe mwaka 2015, lakini watu walikuwa hawajahama, ikaongezewa muda hadi tarehe 1 Januari 2020. Ndiyo kusema kwa miaka kumi na moja lugha mbili zisizoelewana ziliishi katika kompyuta zilezile zikigombea jina moja.

Baada ya tukio la Arch, jumuiya ya Python iliandika waraka uitwao PEP 394, mwaka 2011. Anayetaka toleo la 2 aite `python2`, anayetaka la 3 aite `python3`, na `python` tupu iendelee kumaanisha la 2 kwa wakati huo. Ulikuwa ushauri mzuri, lakini ushauri tu. Mwaka 2019 waraka huo ulilegezwa na kila mfumo ukaachiwa uamue wenyewe. Matokeo yake, leo `python` yaweza kuwa toleo la 3, yaweza kuwa la 2, na yaweza isiwepo kabisa, kutegemea mashine uliyokalia. Ubuntu tangu toleo la 20.04 haina amri ya `python` mpaka usakinishe kifurushi chenye jina la kuchekesha, `python-is-python3`. Toleo hilo lilikuwa pia na mwenzake, `python-is-python2`.

Nimeanza na Python kwa sababu ndiyo iliyoumiza wengi, lakini hitilafu ninayoizungumzia haina lugha moja. Hutokea popote ambapo programu moja inaita nyingine kwa jina tu, na anayeitika si yule aliyekusudiwa. Hoja yangu katika sura hii ni kwamba hitilafu ya namna hii haitafutwi ndani ya msimbo. Kwanza ujue ni nani aliyeusoma msimbo huo, yaani ni intapreta ipi. Ukilijua hilo, mara nyingi kazi iliyobaki ni ya dakika chache. Usipolijua, unaweza kurekebisha mistari isiyo na kosa usiku kucha.

Aliyeita si wewe

Ukiandika mwenyewe `python hesabu.py` na toleo likawa silo, utagundua upesi, maana wewe ndiye uliyeita. Zana za kujengea programu haziko hivyo. Wewe unatoa amri moja, yenyewe inaita ya pili, ya pili inaita ya tatu, na kosa linakuja kuonekana kwenye ya nne, ambayo hukuwahi kuisikia.

Chukua kisa kilichowasumbua watengeneza tovuti kila mahali, wa Nairobi na Dar es Salaam wakiwemo. Umerithi mradi kutoka kwa mwenzako. Ni tovuti ya kawaida, na mitindo yake imeandikwa kwa Sass, kwa hiyo ndani ya orodha ya vifurushi mna `node-sass` toleo la 4.14. Kompyuta yako ni mpya na ina Node 16. Unaandika `npm install`, unasubiri, halafu skrini inajaa maandishi mekundu yanayolalamika kuhusu Python. Wewe hujaandika Python maisha yako yote. Ulichotaka ni rangi za kurasa.

Kilichotokea ni hiki. `node-sass` ni ganda tu. Kiini chake ni LibSass, iliyoandikwa kwa C++. Ili ifanye kazi inahitaji faili lililokwisha kujengwa kwa ajili ya toleo mahususi la Node, na kwa kawaida hulipakua likiwa tayari. Lakini 4.14 inazitambua Node hadi ya 14. Kwa Node 16 hakuna faili la kupakua. Hapa zana ingeweza kukuambia waziwazi kwamba Node yako ni mpya mno kwake. Haisemi hivyo. Inaamua kujijengea faili hilo yenyewe kutoka kwenye msimbo wa C++, na kwa kazi hiyo inaita `node-gyp`. Nayo `node-gyp` inategemea GYP, zana ambayo Google waliitengeneza kwa ajili ya kivinjari cha Chromium, na GYP imeandikwa kwa Python. Tena `node-gyp` ya enzi hizo ilitaka Python 2 peke yake. Inaita `python`, inaitika Python 3 au haitiki yeyote, na mnyororo mzima unaanguka.

Sasa tazama watu wanavyohangaika kutibu. Wa kwanza anafuta folda ya `node_modules` na kupakua upya, mara mbili, mara tatu, mpaka bando linakata. Wa pili anasakinisha `node-gyp` mpya kwa ajili ya mashine nzima na kushangaa kuona hakuna kilichobadilika. Hakibadiliki kwa sababu `node-sass` ya zamani inakuja na `node-gyp` yake ndani ya folda ya mradi, na npm nayo ina nyingine ndani ya tumbo lake. Ile aliyoisakinisha haiitwi na yeyote. Wa tatu anausoma ujumbe vizuri zaidi, anasakinisha Python 2, na kosa la Python linaondoka kweli. Anafurahi kidogo. Kisha linakuja kosa jipya, safari hii la C++, kwa kuwa `node-sass` ile inaomba kanuni za C++ za mwaka 2011 ilhali V8 iliyomo ndani ya Node 16 inataka za mwaka 2014.

Intapreta isiyo sahihi, basi, ilikuwa Node, kule juu kabisa, hatua kadhaa kabla ya Python kutajwa. Ujumbe wa Python ulikuwa wa kweli, ila ulieleza ajali ya pili. Dawa ni kutumia Node 14, au, lililo bora, kuachana na `node-sass`, ambayo watunzaji wake walitangaza mwaka 2020 kwamba imepitwa na wakati, na kuweka kifurushi cha `sass` kisichohitaji kujenga chochote cha C++.

Kisa hiki nakipenda kwa sababu kinaonyesha udhaifu wa desturi yetu ya kunakili ujumbe wa mwisho na kuutafuta mtandaoni. Utapata majibu maelfu, na mengi yatakwambia usakinishe Python 2. Ujumbe unaofaa kusomwa ni wa kwanza, mara nyingi mamia ya mistari juu zaidi, pale zana inaposema kwa sauti ya chini kwamba haikupata faili la kupakua.

Jina linavyotafutwa

Ili kujua nani ameitika, sharti tujue jina hutafutwaje. Kwenye Unix na jamaa zake kuna njia mbili kubwa.

Ya kwanza ni mstari wa juu kabisa wa skripti, ule unaoanza na alama `#!`. Wazo hilo ni la Dennis Ritchie wa Bell Labs, aliyelieleza Januari 1980: keneli ikiombwa kutekeleza faili, itazame herufi zake mbili za mwanzo; zikiwa `#!`, isome njia inayofuata na kuikabidhi programu ile kazi ya kusoma faili. Ukiandika `#!/usr/bin/python3`, umetaja mahali kamili. Ukiandika `#!/usr/bin/env python`, hujataja mahali. Umeiita `env`, nayo itakwenda kuuliza njia ya pili.

Njia ya pili ni kigeu cha mazingira kiitwacho PATH. Hiki ni orodha ya folda zilizotenganishwa kwa nukta pacha, na mfumo huzipitia kwa mpangilio mpaka upate faili lenye jina uliloita. Ukilipata, unasimama hapohapo. Ni sawa na kuita "Juma!" pale stendi ya mabasi: anageuka wa kwanza kusikia, si lazima awe Juma wako. Kama `/usr/local/bin` imetangulia `/usr/bin`, Python ya humo ndiyo itakayoitika, hata iwe imeachwa na mtu aliyeitumia kompyuta hiyo kabla yako.

Njia ya kwanza ina vituko vyake, na kimoja kimewatoa watu jasho kuliko vyote. Unaendesha skripti, unaambiwa `No such file or directory`. Unaliangalia faili: lipo, unaliona, unalifungua, unalisoma. Unaendesha tena, jibu ni lilelile. Kisichokuwepo si skripti yako, ni intapreta iliyotajwa kwenye mstari wa kwanza, na keneli haina namna ya kutenganisha mambo hayo mawili katika jibu lake. Bash hujitahidi kusaidia kwa kuongeza maneno `bad interpreter`, lakini zana ya ujenzi inayoita skripti yenyewe bila kupitia Bash haitakuongezea kitu. Mara nyingine intapreta ipo kabisa, ila faili lilihaririwa kwenye Windows, na mwishoni mwa mstari wa kwanza pamebaki alama isiyoonekana ya kurudi mwanzo wa mstari. Keneli inatafuta programu ambayo jina lake linaishia na alama hiyo, na haipo. Kuisaka kwa macho ni kujichosha. Amri ya `head -1 skripti | cat -A` itakuonyesha `^M` imejibanza pale mwishoni.

Urefu nao ni mtego. Keneli ya Linux ilitenga baiti 128 tu kwa mstari huo hadi mwaka 2019, ilipoongeza zikawa 256. Seva za ujenzi hupenda folda zilizozama ndani ya folda nyingine zenye majina marefu, na mazingira ya Python yaliyotengwa kwa `venv` huandika njia kamili ya intapreta juu ya kila skripti inayosakinishwa. Kwa sababu hiyohiyo, ukiihamisha folda ya `venv` kwenda mahali pengine, skripti zilizomo zinaendelea kuitafuta intapreta kwenye anwani ya zamani. Afadhali kuifuta na kuiunda upya kuliko kuibandika viraka.

Windows ina historia yake. Kwa muda mrefu kuandika `python` kwenye mashine isiyo na Python kulileta ujumbe wa kawaida kwamba amri haijulikani. Tangu toleo la Windows 10 la Mei 2019, kuna faili dogo lenye jina `python.exe` ambalo kazi yake ni kukufungulia duka la Microsoft. Kwa mwanafunzi anayeanza ni huruma. Kwa zana ya ujenzi ni balaa, maana inaita jina na kuitikiwa na kitu kisichokuwa Python hata kidogo. Ukiwa Windows, mzoee `py`, kizinduzi kinachokuja pamoja na Python yenyewe: `py -0` hukutajia matoleo yote yaliyosakinishwa, na `py -3.9` huita lile unalolitaka bila kubahatisha.

Kumuuliza aliyeitika

Wengi huanza na `which python`, na si vibaya, lakini amri hiyo hutoa jibu la kwanza tu. `type -a python` ndani ya Bash hukupa wote wenye jina hilo kwa mpangilio, pamoja na majina ya mkato uliyojiwekea ukasahau. Bash pia hukumbuka mahali ilipopata amri mara ya mwisho. Ukisakinisha Python mpya mahali pengine wakati terminali ileile iko wazi, inaweza kuendelea kwenda kwa ya zamani mpaka uandike `hash -r`. Mtu asiyelijua hili atakwambia kompyuta yake ina majini.

Lililo bora ni kuiuliza intapreta yenyewe:

`python -c "import sys; print(sys.executable, sys.version)"`

Mstari huu una faida ya ziada. Unasomeka na Python zote mbili, lakini Python 2 itachapisha jibu likiwa ndani ya mabano, kwa kuwa kwake mabano yale ni sehemu ya data. Ukiona mabano tu, kabla hujasoma namba, umeshajua umekutana na nani.

Lakini hapa ndipo watu wengi wanaposimama mapema mno. Wameuliza kwenye terminali yao, wamepata jibu zuri, wakahitimisha kwamba tatizo si toleo. Terminali yako siyo mahali programu inapojengwa. Ukitanguliza `sudo`, Debian na Ubuntu huweka kando PATH yako na kutumia orodha nyingine fupi iliyoandikwa kwenye mipangilio ya `sudo`. Kazi za usiku zinazoendeshwa na `cron` huanza na `/usr/bin:/bin` na basi. Kwenye Mac, programu iliyofunguliwa kwa kubofya ikoni haijasoma mafaili ya mipangilio ambayo terminali yako imeyasoma, kwa hiyo kihariri chako na terminali yako vinaweza kuwa na Python mbili tofauti kwenye meza moja. npm nayo, kabla ya kuendesha skripti za mradi, huongeza folda ya `node_modules/.bin` mbele ya PATH.

Kwa hiyo swali liulizwe kulekule. Ukiweza kuhariri skripti inayoanguka, weka mstari wa kuchapisha `sys.executable` juu kabisa, uendeshe ujenzi kama kawaida, kisha usome. Ukishindwa kuihariri, Linux ina `strace`:

`strace -f -e trace=execve npm install`

Hii hukuorodheshea kila programu iliyoitwa na kila mtoto na mjukuu wa amri yako, na hoja zake zote. Maandishi ni mengi na yanatisha. Usiyasome yote, tafuta neno `python` ndani yake. Pale ambapo `env` imehusika utaiona ikibisha hodi folda moja baada ya nyingine, ikirudishwa na `ENOENT`, mpaka mstari mmoja unaishia na `= 0`. Huyo ndiye aliyeitika. Nimeona mabishano ya siku nzima kati ya watu wenye akili timamu yakimalizwa na mstari huo mmoja.

Halafu kuna zana zenye kumbukumbu. CMake ikitafuta Python mara ya kwanza huandika ilichokipata kwenye faili la `CMakeCache.txt`, na mara zinazofuata haitafuti tena, inasoma faili. Umeligundua kosa, umesakinisha toleo linalotakiwa, umepanga PATH vizuri, umeendesha upya, na CMake bado inashika ya zamani. Huna ulichokosea. Fungua faili hilo, tafuta mstari wenye `Python3_EXECUTABLE`, au `PYTHON_EXECUTABLE` katika miradi ya zamani, na utaiona njia iliyoandikwa tangu juzi. Futa folda ya ujenzi uanze upya. Skripti za `configure` nazo huiandika njia hiyo ndani ya Makefile zinazozizalisha, kwa hiyo nazo ziendeshwe upya.

Kwa Java uchunguzi ni uleule, ila majina ni mengine. Maven hutazama kigeu cha `JAVA_HOME` kwanza, wakati `java -version` kwenye terminali hukujibu kutoka PATH. Vitu hivyo viwili vikitofautiana, utapata ujumbe kwamba darasa fulani lina toleo la 61 na mashine yako inatambua hadi 52. Namba hizo zinaonekana za ajabu mpaka ujue kanuni yake: toa 44. Ile 61 ni Java 17, na 52 ni Java 8. Maven ina hisani ya kukwambia inatumia Java gani, ukiandika `mvn -version`.

Isiyopiga kelele

Hitilafu zote hizo zina wema mmoja, zinaanguka hadharani. Zipo mbaya zaidi. Katika Python 2, `7 / 2` ni 3. Katika Python 3 ni 3.5. Skripti ya ujenzi inayogawa ukubwa wa faili au kupiga hesabu ya mahali pa kuandika data itakubaliwa na intapreta zote mbili, itamaliza bila neno, na itakuachia faili lenye makosa. Hakuna ujumbe wa kutafuta mtandaoni. Utaligundua wiki kadhaa baadaye, kwa mteja.

Makefile zina balaa linalofanana na hilo. Hata uwe unatumia Bash kutwa, GNU Make huendesha amri zake kwa `/bin/sh`, wala haijali kigeu cha `SHELL` kilichomo kwenye mazingira yako. Hadi mwaka 2006 watumiaji wa Ubuntu hawakuona tofauti, maana `/bin/sh` ilikuwa Bash kwa jina jingine. Toleo la 6.10 la Oktoba mwaka huo liliibadili ikawa dash, iliyo nyepesi na yenye kasi zaidi wakati wa kuwasha kompyuta. Skripti zilizojaa mazoea ya Bash zikaanza kuvunjika. Nyingine hazikuvunjika, zilibadilika tabia tu. Ukiandika `echo -e` ndani ya Makefile kwa kudhani unazungumza na Bash, dash itakuchapia hiyo `-e` pamoja na maneno yako, na kama ulikuwa unaandika faili la mipangilio, basi faili sasa linaanza na `-e`.

Namba za matoleo zenyewe zimewahi kuwa chanzo. Oktoba 2021 ilipotoka Python 3.10, skripti zilizozoea kusoma herufi tatu za mwanzo za `sys.version` zilipata "3.1" na kuamini ziko kwenye Python ya mwaka 2009. Mafaili ya YAML, yanayoziongoza seva nyingi za ujenzi, husoma 3.10 isiyo na alama za nukuu kama namba ya desimali, na 3.10 kama namba ni 3.1. Mtu ameomba toleo jipya kabisa, seva ikaenda kutafuta la miaka kumi na miwili nyuma. Jozi moja ya alama za nukuu ingetosha.

Dawa iliyo mbaya kuliko ugonjwa

Mtu akishajua kwamba `python` inamwitikia asiyefaa, kishawishi cha kwanza ni kwenda `/usr/bin` na kuigeuza ielekee kwingine. Usifanye hivyo.

Kwenye CentOS 6 na 7, `yum`, yaani zana ya kusakinisha programu, ilikuwa yenyewe imeandikwa kwa Python 2, na mstari wake wa kwanza uliita `/usr/bin/python`. Wasimamizi wa seva waliotaka Python 3 waliigeuza `python` ielekee huko, wakaridhika, na siku waliyotaka kusakinisha kitu kingine `yum` ikaanguka kwa kosa la sarufi. Sasa seva haina zana ya kusakinisha, na ya kuiponya ingesakinishwa na zana hiyohiyo. Waliojua walirudisha kiungo cha zamani mahali pake. Wengine walijenga seva upya. Ubuntu ina toleo lake la msiba huo: ukiibadili `python3` ya mfumo, sehemu za `apt` zinazotafuta moduli ya `apt_pkg` haziipati, maana ilijengwa kwa toleo lile la awali tu.

Red Hat walijifunza. RHEL 8 ya mwaka 2019 iliitenga Python ya mfumo kwenye `/usr/libexec/platform-python`, mahali ambapo mtumiaji hana sababu ya kugusa, na amri ya `python` tupu haikuwekwa kabisa mpaka mwenye seva aamue mwenyewe imaanishe nini. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi safi kuliko yote yaliyofanywa katika kadhia hii. Apple walichelewa zaidi: waliiacha Python 2.7 ndani ya Mac mpaka macOS 12.3 ya Machi 2022, zaidi ya miaka miwili baada ya uangalizi wake kukoma, na walipoiondoa, kila skripti iliyoita `/usr/bin/python` ilianguka siku ya kusasisha.

Njia salama ni kuiambia zana unamtaka nani, bila kugusa mfumo. `node-gyp` inakubali kigeu cha `PYTHON`. CMake inakubali `-DPython3_EXECUTABLE=` na njia kamili. `configure` inakubali `PYTHON=` kwenye mstari uleule wa amri. Maven inataka `JAVA_HOME`. Kwa pip, acha kuandika `pip install` peke yake. Andika `python3 -m pip install`, ili anayesakinisha na atakayetumia wawe mmoja. Kila mradi uwe na `venv` yake.

Na kutaja toleo hakumaliziki mara moja. Python 3.12, iliyotoka Oktoba 2023, iliondoa moduli ya `distutils`, na `node-gyp` za zamani kidogo, zilizokwisha kuhamia Python 3, zilianza kuanguka upya kwa sababu ziliitegemea. Safari hii aliyeita alitaka Python 3, na Python 3 ikaitika.

Kwa hiyo wewe unayetunza mradi, andika leo kwenye faili la maelezo namba kamili za intapreta ulizotumia: Node ipi, Python ipi, Java ipi. Weka `.nvmrc` au `.python-version` ndani ya hazina ya msimbo, na namba uziweke ndani ya alama za nukuu kwenye YAML. Nawe unayeomba msaada, kabla hujamtumia mwenzako picha ya maandishi mekundu, mtumie kwanza jibu la `sys.executable` kutoka ndani ya ujenzi wenyewe, pamoja na PATH ya humo. Huenda usihitaji kutuma hiyo picha.